Waraka wa Kung'oa Kibonye

Ilitangazwa rasmi, siku ya Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote watano na mbwa wa bawabu, kwamba karatasi imekufa. Tangazo lenyewe lilikuwa la kurasa nne, lilipigwa chapa kwa nakala tatu, na kila aliyehudhuria alitia sahihi kuonyesha kwamba amepokea habari za msiba.

Aliyetangaza alikuwa Bwana Weldon Kipkosgei, Kaimu Mratibu wa Ofisi ya Kuratibu Uchukuzi wa Majani Mabichi, mjini Kericho. Mtu asiye na elimu angedhani kwamba kazi ya ofisi hiyo ni kupeleka malori yakachukue majani ya chai kwa wakulima kabla hayajanyauka. Bwana Kipkosgei alikuwa na elimu. Alijua kwamba malori ni jambo dogo linaloweza kufanywa na karani. Kazi ya ofisi ni kuratibu, na kuratibu hakuhitaji lori.

Jambo moja tu lilimnyima raha, nalo lilikuwa neno moja mlangoni mwake: Kaimu. Alikuwa amelibeba kwa miaka tisa. Watu walioajiriwa nyuma yake walikuwa wamethibitishwa, wakapandishwa vyeo, wakastaafu, na mmoja alikuwa tayari amezikwa, akiwa bado amethibitishwa. Kanisani mhubiri alimkaribisha kama "ndugu yetu Kaimu." Mama mkwe wake, kule Kapkatet, aliamini kwamba hilo ndilo jina lake la ubatizo na alimwombea kwalo kila siku.

Ndiyo maana, mwaka huo wa 1994, Makao Makuu ya Nairobi yalipoleta kompyuta nne na waya wa kuziunganisha, Bwana Kipkosgei aliziangalia kama mtu aliyekwama kwenye tope anavyoangalia trekta.

Kompyuta ya kwanza iliwekwa ofisini kwake. Ya pili ilipelekwa chumba cha malori, kwa Rodah Chepngetich, karani aliyekuwa akipokea simu za vituo vya majani na kuyaelekeza malori. Ya tatu ilikwenda masjala, kwa Dorcus, mtunza mafaili, ambaye aliitandikia kitambaa cha kufuma na kuiwekea ua la plastiki. Ya nne, iliyokuwa mama wa zote, ilibaki katika chumba cha mwisho pamoja na fundi Obonyo.

"Inafanya kazi namna hii, bosi," Obonyo alieleza, akiwa amechuchumaa mbele ya kioo cheusi. "Unaandika SEND. Unaweka maneno yako hapa katikati. Halafu jina la mtu. Unabonyeza. Maneno yanatokea kwake hapo chini, mashine inalia piii."

"Maneno mangapi?"

"Herufi arobaini na tano, bosi."

"Kwa ukurasa?"

"Kwa ujumbe wote."

Bwana Kipkosgei alicheka kwa huruma. Jina lake pamoja na cheo lilikuwa na herufi sitini na saba.

"Na mtu akishapata ujumbe?"

"Mashine yake inasimama. Haifanyi kitu kingine mpaka abonyeze Ctrl na Enter pamoja. Akibonyeza, ujumbe unaondoka, anaendelea na kazi."

"Inasimama," Bwana Kipkosgei alirudia polepole. "Kwa heshima."

"Hapana, bosi. Ni vile imetengenezwa."

"Kwa heshima," alisema Bwana Kipkosgei, na jambo hilo likaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu.

Kwa kuwa mkubwa hachapi, alimsomea Obonyo ujumbe wa kwanza naye Obonyo akauandika. Ulikwenda kwa vipande kumi na moja. Hapo Bwana Kipkosgei akagundua kasoro: ujumbe ungeweza kutumwa kwa mtu mmoja peke yake, bila mkubwa kuuona. Huo ulikuwa mlango wa majungu. Siku hiyohiyo alitoa waraka kwamba kila ujumbe, uwe wa nani au kwa nani, utumwe kwa wote. Obonyo alijikuna kichwa, akapanga mashine hivyo.

Saa nane Bwana Kipkosgei alikwenda kujionea matunda. Alimkuta Rodah ameshika simu kwa bega, kalamu mkononi, na mbele yake, chini kabisa ya kioo, kulikuwa na kipande cha kumi na moja: NA MUNGU AWABARIKI NYOTE. KAIMU MRATIBU. Bwana Kipkosgei alisimama. Alikuwa hajawahi kuona jina lake likiwaka.

"Kituo cha Sotik kina magunia themanini," Rodah alikuwa akisema kwenye simu. "Ngoja nione lori iko karibu. Ngoja tu, baba, usikate." Akabonyeza vidole viwili. Ujumbe ukapotea. Orodha ya malori ikarudi.

"Rodah!"

"Bosi?"

"Umefanya nini?"

"Nimeondoa hiyo maneno, bosi, nione malori."

"Umeniondoa mimi?"

"Si wewe, bosi. Ni maneno tu."

"Maneno ya mkubwa ni mkubwa!" Alinyoosha mkono kwenye kioo. "Kwa kidole! Bila kuomba! Hata mtoto wa shule akitumwa na mwalimu, hujibu kwanza 'ndiyo mwalimu.' Wewe umenifuta kama ubao!"

Rodah alitazama simu, akatazama orodha, akasema, "Pole, bosi. Sotik wananingoja." Na akaendelea kuwaelekeza Sotik, jambo lililothibitisha kwamba tatizo lilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Kamati ilikaa asubuhi iliyofuata. Ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo makubaliano yalipatikana upesi. Waraka uliotoka uliagiza kwamba ni utovu wa nidhamu kufuta ujumbe bila ruhusa ya aliyeutuma. Anayetaka kufuta atajaza fomu, ataeleza sababu, na mtumaji atatia sahihi. Na ili pasiwe na majaribu, kibonye cha Ctrl king'olewe kwenye kila kompyuta, kiandikishwe, kitunzwe, na kitolewe kwa fomu tu.

Kazi ya kutunza vibonye alipewa Eliakim Amolo. Eliakim alikuwa tarishi kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amebeba barua nyingi mno katika ukumbi ule unaopita milangoni mwa vyumba vyote hivi kwamba saruji ilikuwa imelika mahali anapokanyaga. Lakini sasa karatasi imekufa, na waraka mwingine ulikuwa umekataza ofisa yeyote kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kwa miguu au kwa karatasi, kwa jambo linaloweza kutumwa kwa kompyuta. Bwana Kipkosgei, kwa unyenyekevu, alikuwa ameongeza kwa kalamu yake: *pamoja na mimi mwenyewe.* Walimpigia makofi.

Basi Eliakim akawa Mlinzi wa Ukumbi na Vibonye. Alipewa kiti, rejista, na mkebe wa kakao.

"Tuanze na changu," alisema Bwana Kipkosgei siku ya kung'oa. "Kiongozi ni mfano."

Obonyo alikichomoa kwa bisibisi. Kililia *tak*. Eliakim alikipokea kwa mikono miwili, kama sadaka, akaandika: *Kibonye, kimoja, cheusi, cha Kaimu.* Palipokuwa na kibonye pakabaki shimo dogo na kijiti chembamba cha plastiki katikati yake, ambacho Bwana Kipkosgei hakukitazama mara mbili.

Obonyo alikitazama. "Bosi, lakini hiyo kitu ya chini bado..."

"Obonyo."

"Ndiyo, bosi."

"Ufundi umekwisha. Sasa ni utawala."

Obonyo akachukua bisibisi yake, akaenda kung'oa cha Rodah.

Mtu mwenye mashaka angetarajia kwamba ofisi ingesimama. Haikusimama. Malori yalikwenda Sotik na kurudi, yalikwenda Kapkatet na kurudi, na majani yalifika kiwandani yakiwa bado yamesimama wima kama masikio ya sungura. Bwana Kipkosgei aliona katika hili ushahidi kwamba nidhamu ni mbolea. Hakuna aliyewahi kujaza fomu ya kufuta, maana yake hakuna aliyetaka kufuta. Kila jioni Eliakim alizima mashine zote, ujumbe ukalala, na ujumbe uliolala, kwa mujibu wa waraka, haukuhesabiwa kuwa umefutwa.

Siku moja tu Bwana Kipkosgei alipata kumshangaa Rodah. Alikuwa amepita nje ya dirisha lake, kwa kuwa waraka ulikataza ukumbi lakini haukutaja nyasi za uani, akamwona ametoa mfuniko wa biro sikioni na anauingiza kwenye shimo la kibonye, huku kidole kingine kiko juu ya Enter.

"Unafanya nini hapo?"

Rodah hakushtuka. Alikuwa amelelewa na kaka sita. "Nasafisha vumbi, bosi. Vumbi ya majani inaingia kwa hii shimo."

"Mara ngapi?"

"Kila ukituma ujumbe, bosi. Ndiyo nakumbuka."

Bwana Kipkosgei aliguswa. Asubuhi iliyofuata ulitoka waraka ulioagiza wafanyakazi wote kusafisha vumbi kwenye shimo hilo kila wanapopokea ujumbe, kwa kutumia mfuniko wa biro, kwa bidii. Dorcus aliusoma, akautoa mfuniko wake kwenye nywele, akasema, "Sasa hata hii imekuwa halali." Bwana Kipkosgei peke yake hakusafisha. Mkubwa hasafishi, kama alivyokuwa hachapi: ujumbe wake alimsomea Obonyo dirishani, naye akaenda kuuchapa.

Siku kumi baadaye ikaja barua kutoka Nairobi. Ilikuwa ya karatasi, lakini alisamehe. Madam Nyamwange wa Makao Makuu angefika Alhamisi kuona jinsi kompyuta zinavyotumika, na "kulimaliza suala la cheo cha Mratibu, ambacho kinakaimiwa."

Bwana Kipkosgei alisoma neno *kulimaliza* mara saba. Kisha akaagiza mawe ya lango yapakwe chokaa.

Madam Nyamwange alifika saa nne kasorobo, kabla ya muda, akiwa amekaa mbele katika lori la majani. Gari lake lilikuwa limezama kwenye tope karibu na kituo cha majani cha Sotik. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, viatu vyake vilikuwa vimeharibika kabisa, na hakuonekana kuvihuzunikia.

"Dereva wako ananiambia kuna mtu hapa anaitwa Rodah," alisema badala ya salamu. "Alimpigia simu dukani, akamwambia anichukue. Alijuaje nimekwama?"

"Ni mfumo, Madam," alisema Bwana Kipkosgei, na akatoa hotuba mfukoni. "Mgeni wetu mheshimiwa, karatasi imekufa..."

"Bwana Kaimu, hotuba iache. Nionyeshe mashine."

Alimwonyesha, lakini hotuba pia aliimaliza, wakitembea. Kwa heshima ya ugeni, Ukumbi ulifunguliwa kwa muda. Madam aliona kila chumba, alimsalimu kila mtu, alitazama rejista ya vibonye kwa muda mrefu sana, akaiangalia sura ya Eliakim, ambayo ilikuwa tulivu kama ya mzee wa kanisa. Kisha akaingia chumba cha mwisho na kukaa mbele ya mama wa kompyuta.

"Sikiliza," alisema. "Bodi imenituma na neno moja. Inataka kwenye kiti hiki mtu anayejibu. Huko Nairobi tunaandika barua, hatujibiwi. Tunapiga simu, tunaambiwa yuko mkutanoni. Sasa mna mashine. Nendeni vyumbani mwenu, fuateni taratibu zenu kama kawaida. Nitatuma ujumbe."

"Taratibu zote, Madam?"

"Zote. Nataka kuziona zikifanya kazi."

Bwana Kipkosgei alirudi ofisini kwake akitembea kama bwana arusi. Nyuma yake Eliakim alirudisha kiti chake katikati ya Ukumbi, na Ukumbi ukafungwa.

Saa tano na dakika ishirini mashine ililia piii.

KAZI NI YAKO. JIBU NDIYO KABLA YA SAA SITA.

Bwana Kipkosgei aliinuka. Akaketi. Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa, na maneno bado yalikuwapo. Miaka tisa! Alimwona mama mkwe wake akifundishwa jina jipya. Alimwona mhubiri akijikwaa, akijisahihisha. Ilibaki jambo moja, kujibu, na mashine ilikuwa imesimama. Kwa heshima.

"Eliakim!" aliita kutoka mlangoni, vidole vya miguu vikiwa ndani ya kizingiti. "Leta kibonye changu!"

Eliakim alikuja na rejista. "Fomu, mzee."

"Fomu hii hapa. Nimejaza."

Eliakim aliisoma taratibu, midomo ikicheza. "Jina, sawa. Sababu, 'furaha.' Sawa. Sahihi ya mtumaji?"

"Mtumaji ni Madam."

"Basi Madam apige sahihi."

"Mpelekee!"

Eliakim alimtazama kwa masikitiko. "Karatasi, mzee? Nitoke nayo hapa, nipite nayo Ukumbini? Miaka kumi na tisa nilibeba. Ulinikataza mbele ya watu."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Unaenda kwa jambo gani?"

"Kuomba sahihi!"

"Hilo si linaweza kutumwa kwa kompyuta?"

"Kompyuta imesimama, Eliakim!"

"Basi ifunguliwe."

"Kwa kibonye!"

"Kwa fomu," Eliakim alikubali. Walitazamana. "Mzee, mimi si mtu wa kukuzuia. Ukitaka pita, mimi nitageuza uso. Lakini Madam amesema anataka kuona taratibu zote. Akikuona Ukumbini ataniuliza, 'Huyu si ndiye aliandika *pamoja na mimi mwenyewe*?' Nitamjibu nini? Nidanganye mgeni?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Bwana Kipkosgei alirudi ndani. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika thelathini na mbili. Alifikiria kuizima mashine na kuiwasha upya, akaikataa fikra hiyo kwa aibu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba kuzima mchana ni kufuta kwa mlango wa nyuma. Alifikiria dirisha, lakini chumba cha mwisho dirisha lake lilitazama upande wa pili, kwenye mtaro, na suti yake ilikuwa mpya.

Obonyo alichungulia dirishani kutoka uani. Alikuwa ameachia Madam chumba.

"Bosi, umekwama?"

"Sijakwama. Nasubiri utaratibu."

Obonyo alitazama kioo, akatazama saa, akaingiza mkono dirishani. Kwenye kiganja kulikuwa na mfuniko wa biro. "Bosi, chukua hii. Safisha hapo kwa shimo kidogo tu, ukishika Enter. Mara moja."

Bwana Kipkosgei alimtazama kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na jirani amemletea ufagio.

"Obonyo! Huu ni wakati wa kusafisha vumbi?"

"Bosi, nisikilize..."

"Kazi ya maisha yangu iko hapo kwenye kioo, wewe unaniletea usafi! Usafi ni kesho! Toka hapo!"

"Lakini bosi, hii vumbi ikitoka..."

"Toka!"

Obonyo alishusha mkono. Alikuwa amejaribu; Mungu alikuwa shahidi, na mbwa wa bawabu pia.

Saa tano na dakika hamsini na tano Bwana Kipkosgei alifanya jambo ambalo hakuna waraka uliokuwa umelitaja. Alisimama kwenye kizingiti, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akapaza sauti:

"NDIYO!"

Ukumbi ulirudisha mwangwi. Njiwa waliruka kutoka paani.

"Nani huyo anapiga kelele?" Madam aliuliza kutoka chumba cha mwisho.

"Ni bosi, Madam," Eliakim alijibu kwa adabu. "Kuna kitu anakubaliana nacho."

"Ndiyo! Ndiyo, Madam! NDIYO!"

"Mwambie kama ana neno alitume."

"Mzee, umesikia. Ulitume."

King'ora cha kiwanda kikalia. Saa sita.

Madam Nyamwange alitoka, akaja hadi katikati ya Ukumbi, akawaita wote. Walikuja: Dorcus na kitambaa chake, Rodah na kalamu, Obonyo na bisibisi. Langoni alikuwa amefika mke wa Bwana Kipkosgei, amevaa nguo ya Jumapili na amebeba kibuyu cha mursik, kwa kuwa mtu akishinda hupewa maziwa, na mumewe alikuwa amemwambia aje na king'ora cha saa sita.

"Nimepata majibu mawili," alisema Madam. "La kwanza ni la masjala. Linasema, 'ASANTE LAKINI NINA KAZI TAYARI.'"

"Nilidhani ni tangazo, Madam," alisema Dorcus.

"La pili limetoka chumba cha malori, saa tano na dakika ishirini na moja. 'NDIYO. KAZI GANI? MALORI TISA YAKO NJIANI.' Nikamwuliza lori lililonileta lina majani ya nani. Akajibu. Nikamwuliza gari langu litatolewaje kwenye tope. Akajibu, na limeshatolewa. Nimemwuliza mambo manane. Amejibu manane."

"Madam," alisema Bwana Kipkosgei, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikia jina la mwingine likisomwa siku ya zawadi, "ule ujumbe ulikuwa wangu."

"Ulikuwa wako. Nilikuandikia wewe, kwa jina lako. Nikaambiwa na fundi kwamba hapa ujumbe wa mmoja ni wa wote."

"Ni waraka wake, Madam," alisema Obonyo. "Mimi nilijikuna tu kichwa."

"Lakini Rodah alikuwa hana haki ya kufuta! Kibonye chake kiko kwa mkebe!"

Madam alimgeukia Rodah. "Umefutaje?"

Rodah alishika mfuniko wa biro sikioni. Alimtazama bosi wake, na kwa mara ya kwanza alionekana kumhurumia. "Nimesafisha vumbi," alisema.

Bwana Kipkosgei alitazama mfuniko wa Rodah. Akatazama wa Dorcus, kwenye nywele. Akatazama wa Obonyo, ambao bado ulikuwa kiganjani. Akamtazama Eliakim, ambaye hakuwa na kompyuta hata moja, lakini naye alikuwa na mfuniko, kwa ajili ya umoja. Mambo mengi yalipita usoni mwake, na yote yalipita kwa vipande vya herufi arobaini na tano.

"Bwana Kipkosgei," Madam alisema kwa upole, "kutoka kwako mpaka kwangu ni hatua kumi na mbili. Nimezipima. Umeshinda dakika arobaini na hukuweza kunifikia. Sasa, niseme nini kule Nairobi?"

Alikuwa na majibu, lakini yote yalihitaji kiambatisho.

Basi ikawa hivyo. Rodah Chepngetich aliandikiwa barua papo hapo, bila neno la kukaimu popote ndani yake, na akasema, "Asante, Madam, naomba nimalize kwanza hii lori ya Kapkatet." Mke wa Bwana Kipkosgei aliuliza Mratibu ni nani, akaonyeshwa, akafikiri kidogo. "Niliambiwa hii ni ya Mratibu," alisema, na akampa Rodah kibuyu. Alikuwa mwanamke wa kufuata maagizo.

Chumba cha malori kikabaki bila mtu, na malori hayajui siasa. Madam alitazama huku na huku. Alimwona mtu mmoja tu ambaye hakuwa na kazi.

"Utaketi pale," alimwambia Bwana Kipkosgei, "mpaka tupate karani. Kwa sasa utakaimu."

Saa nane alikuwa ameketi. Obonyo alikuwa amerudisha vibonye vyote mahali pake. Simu ilikuwa inalia. Nje, mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mashamba ya chai kwa ajili ya mvua ya kila alasiri, na madereva wawili walikuwa wameegemea dirisha wakila mahindi ya kuchoma. Mashine ikalia piii.

LORI LA SOTIK PANCHA. TUMA LINGINE. JIBU.

"Kaimu, twende ama tusiende?" dereva mmoja aliuliza. "Huko wamama wamekaa na majani tangu asubuhi."

"Subiri."

Alibonyeza Ctrl na Enter. Ujumbe wa mkubwa ukaondoka, na mbingu hazikuanguka. Kisha akanyoosha kidole juu ya kibodi na kukiacha hapo, hewani. Hakuwa amewahi kuzitazama herufi zenyewe. Hazikuwa zimepangwa. A ilikuwa imetupwa pembeni, mbali kabisa na B, na Q ilikuwa imewekwa mbele ya wote, bila sababu yoyote. Ilikuwa kama gwaride la shule baada ya mtu kupiga kelele kwamba kuna nyoka. Ni wazi kwamba hakuna kamati iliyokuwa imekaa juu ya jambo hili. Mkono wake wa kushoto ulianza wenyewe kutafuta karatasi ya waraka.

"Kaimu! Mvua hiyo inakuja!" dereva alisema, na wote wawili wakakimbilia malori.

Aliiacha karatasi. Akainamia kibodi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"N iko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu. Watu wote walikuwa kazini.